Bei ya pikapu ya marehemu: Anayejua thamani akanyamaza, ana hatia?

MIONGONI mwa maswali yanayoulizwa sana vijiweni, gerejini na hata barazani baada ya swala ya Ijumaa ni hili: gari la zamani lina thamani gani? Sizungumzii gari lililoshushwa bandarini jana, ambalo ukiuliza bei yake kwenye yadi tatu utapata majibu yanayokaribiana. Nazungumzia magari ya wazee wetu. Pikapu ya Land Rover ya miaka ya 1970, Peugeot 404 iliyokuwa ikibeba nazi, Toyota Stout ya mzee wa duka la jumla. Magari ambayo leo yamelala uani chini ya mwembe, tairi zimekaa chini na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Kwa miaka mingi jamaa na majirani wamekuwa wakiniita niwatazamie magari ya namna hiyo kabla hawajayauza. Mimi si fundi. Nimekulia tu jirani na gereji, na masikio yangu yamezoea lugha ya mafundi na ya madalali. Katika kuitwa huko nimeona kwamba bei ya gari kuukuu si jambo la hesabu peke yake. Ni jambo la akhlaqi pia. Mtu anayejua thamani ya kitu akanyamaza, huku mwenzake asiyejua akikiuza kwa bei ya kutupa, je, huyo amefanya biashara au amedhulumu? Hebu tulitazame swali hili kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu tunalijibu haraka mno, kila mmoja kwa jibu linalompendeza yeye.

Gari moja, bei tatu

Tuchukue mfano wa Land Rover, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka zaidi. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Aina ya Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ile ndefu huitwa 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Kizazi hicho cha magari kiliendelea kubadilishwa majina na sura hadi kiwanda cha Solihull kilipolitoa la mwisho Januari 2016.

Sasa gari hilo likiwa limesimama uani, bila kuongezwa wala kupunguzwa hata boliti moja, lina bei tatu.

Bei ya kwanza ni ya mizani. Anakuja mnunuzi wa chuma chakavu, anazunguka gari mara moja, anakadiria uzito wake kuwa tani moja na nusu hivi, anazidisha kwa bei ya kilo. Mara nyingi hulihesabu lote kama chuma, ilhali bodi ni alumini, na kilo ya alumini ni ghali kuliko kilo ya chuma. Mwenye gari asiyelijua hilo ameshapunjwa kabla mapatano hayajaanza.

Bei ya pili ni ya kazi. Huyu ni mkulima wa Mkuranga, muuza mbao au mtu mwenye shamba lisilofikika wakati wa masika. Yeye hauliza uzito. Anauliza kama injini inawaka, kama chasisi haijaoza, kama giaboksi na difu ni nzima, kama spea zinapatikana na kama kadi ya gari ipo. Bei yake inafuata kazi ambayo gari litamfanyia.

Bei ya tatu ni ya mapenzi. Wako watu, hapa nchini na nje, wanaozitafuta gari hizi kwa sababu hazitengenezwi tena. Nchini Marekani sheria inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa bila kulazimika kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Uingereza nako, gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Sheria kama hizo zimeyapa magari ya zamani soko ambalo wazee wetu hawakuliota.

Ajabu ni kwamba jambo lile lile linaweza kupandisha bei moja na kushusha nyingine. Land Rover iliyong'olewa injini yake ikawekwa ya Kijapani ya dizeli, kwa mtu wa kazi imepanda thamani: haili mafuta sana na spea zake zimejaa mjini. Lakini kwa mtu wa mapenzi imeharibika, kwa maana anataka injini ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake isomane na iliyo kwenye kadi. Rangi nayo ni hivyo hivyo. Kijana anamshauri baba yake wapake rangi mpya ili gari lipendeze, kumbe ile ya zamani iliyofifia ndiyo ambayo mnunuzi wa aina ya tatu angeilipia.

Kwa hiyo gari halina bei moja iliyogongwa juu yake kama namba ya chasisi. Wanazuoni wetu walilijua hili zamani. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alieleza kwamba bei hupanda na kushuka kwa wingi au uchache wa bidhaa na kwa kadiri watu wanavyokitaka kitu, na kwamba si kila bei inapopanda kuna aliyedhulumu. Hilo ni kweli. Lakini ikiwa bei ni tatu, basi kuna mtu atakayeamua ni ipi kati ya hizo itajwe mezani na zipi zifichwe. Na mtu huyo siku zote ni yule anayejua.

Kisa cha pikapu ya marehemu

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja Temeke. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na mjane wake alikuwa ametoka eda karibuni. Marehemu aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa bado shule ya msingi, na mabinti wawili. Mdogo wake marehemu ndiye aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa kuwa marehemu aliacha mtoto wa kiume, mdogo mtu huyo hakuwa na fungu katika mirathi hiyo. Alichokuwa nacho ni amana.

Madeni yalikuwa yamelipwa. Mali iliyobaki kuuzwa ilikuwa pikapu, Land Rover 109, aliyoitumia marehemu kubebea nazi na mihogo. Ilikuwa imesimama miaka minne. Dalali alishapita na kutaja shilingi 1,200,000, bei ya chuma chakavu. Msimamizi aliikubali bei hiyo, ila akasema badala ya kumpa dalali ataichukua yeye mwenyewe kwa bei hiyo hiyo, ili mali ibaki ndani ya ukoo. Mjane akaridhika. Mimi niliitwa niwe shahidi wa mauziano, basi.

Niliomba niitazame kwanza. Niliingia chini nikagonga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Ilikuwa nzima, isipokuwa kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri. Injini ilikuwa ile ile ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake ilisomana na kadi. Milango yote miwili na kioo cha mbele vilikuwa vya asili. Nilipoinuka nilikuwa na uhakika wa mambo mawili. La kwanza, hicho hakikuwa chuma chakavu. La pili, msimamizi naye alilijua hilo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiiendesha na kuitengenezesha kaka yake alipougua.

Nikamvuta pembeni nikamwuliza. Akanijibu bila hasira: "Ustaadhi, mimi sijamdanganya mtu. Bei kaitaja dalali, si mimi. Shemeji karidhika. Ujuzi wangu wa magari nimeupata kwa jasho, sasa kila nikinunua kitu nianze kumfundisha muuzaji?"

Nilirudi mkekani nikaeleza mbele ya wote, yeye akiwepo, zile bei tatu ni zipi na gari lile liko wapi kati ya hizo. Nikaomba mtu yeyote asitie saini kwa wiki mbili. Wakaitwa watu watatu walitazame, kila mmoja kwa wakati wake: fundi mzee asiyenunua magari, muuza spea, na mtu kutoka Arusha anayefufua Land Rover za zamani. Mwisho pikapu iliuzwa shilingi 6,400,000. Msimamizi alipewa nafasi ya kwanza kwa bei hiyo, akakataa.

Tupige hesabu. Thumuni ya mjane katika 1,200,000 ilikuwa shilingi 150,000. Katika 6,400,000 ni shilingi 800,000. Kila binti angepata 262,500, akapata 1,400,000. Yule mtoto wa shule ya msingi angepata 525,000, akapata 2,800,000. Shilingi 5,200,000 zingehama kutoka mikononi mwa mjane na mayatima bila sauti kupandishwa, bila hati kughushiwa, na huku kila mtu akisema Alhamdulillah.

"Sijamdanganya mtu"

Hoja ya yule ndugu si ya kubezwa, na ndiyo hoja ya wafanyabiashara wengi waaminifu. Anasema dhulma inataka uongo, naye hakusema uongo. Anasema mauziano ni kuridhiana, na wenyewe waliridhia. Leo kuna wanaoongeza kwamba simu iko mkononi mwa kila mtu, asiyejua bei kwa nini asitafute?

Fiqhi yenyewe inampa sehemu ya hoja yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, mtu mzima mwenye akili akiuza mali yake kwa bei ndogo bila kuhadaiwa, mauziano yamepita. Hana haki ya kurudi kesho akasema nimepunjika. Imam Ahmad na wafuasi wake waliona tofauti kwa yule wanayemwita mustarsil, yaani mtu asiyejua bei wala asiyejua kupatana, ambaye amejisalimisha kwa uaminifu wa mwenzake. Huyo akipunjwa kupita kiasi ana hiari ya kuvunja mauziano. Na wako katika wafuasi wa Imam Malik waliotaja theluthi kuwa ndiyo mpaka wa kupunjwa kupita kiasi.

Lakini tazama wapi yule ndugu alipoteleza. Ruhusa hiyo ya Mashafi ni ya mtu anayeuza mali yake mwenyewe. Kwa wakala na msimamizi wa yatima, Mashafi hao hao hawakubali auze kwa bei iliyo chini sana ya bei ya mfano, yaani bei ambayo kitu kama hicho huuzwa mahali hapo na wakati huo. Mwenye mali anaweza kutupa cha kwake. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kutupa cha wengine, sembuse kujitupia mwenyewe mfukoni!

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 2, Mwenyezi Mungu (s.w.) amekataza kubadilisha kibaya kwa kizuri katika mali ya mayatima. Baadhi ya wafasiri, akiwemo Suddi, wameeleza kwamba palikuwa na watu wakichukua kondoo mnono wa yatima na kuweka mahali pake kondoo aliyekonda, kisha wanasema kondoo kwa kondoo. Hesabu inasoma sawa, kondoo mmoja katoka na mmoja kaingia. Je, kuna tofauti gani na kuitoa Land Rover nzima kwa bei ya chuma, kisha tukasema gari limeuzwa na fedha imeingia?

Kupunguza vitu vya watu

Tuache sasa mirathi, twende sokoni ambako hakuna yatima wala msimamizi. Mzee ana pikapu yake mwenyewe, wewe ni mnunuzi, na unajua ina thamani mara nne ya anayoitaja. Unalazimika kumwambia?

Nabii Shuaib (a.s.) aliwakataza watu wake mambo mawili ambayo sisi tunayaona ni moja. Aliwakataza kupunja katika kipimo na mizani, kisha akawakataza kuwapunguzia watu vitu vyao. Yamo katika Sura Hud, aya ya 85, na kwingineko. La kwanza tunalielewa vizuri, kwani kila mtu anamjua muuza sukari mwenye mizani mbovu. La pili ni pana zaidi. Wafasiri wamesema linaingia ndani yake kukitia kitu ila ili mwenyewe akidharau. Neno lililotumika hapo ni la asili moja na lile lililotumika katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), alipouzwa kwa thamani duni, kwa dirhamu za kuhesabika, na watu wasiojali wanachokiuza.

Nani kati yetu hajamwona mnunuzi akilizunguka gari huku akisonya? Anapiga teke tairi, anatikisa kichwa, anasema mzee hili limekufa hili, nakusaidia tu kulitoa uani. Moyoni anajua kesho atalipeleka wapi. Huyo hakunyamaza. Kila msonyo ni ushahidi wa uongo juu ya mali ya mtu. Na tuangalie kwamba Nabii Shuaib (a.s.) alitaja vitu vya watu, hakusema vya waumini peke yao. Anayedhani kumpunguzia asiye Muislamu ni werevu ajiangalie upya.

Basi vipi kuhusu yule aliyenyamaza kweli, hakusonya wala hakubeza? Hapa mimi natofautisha hali tatu.

Kwanza, ukiulizwa. Mzee akikutazama machoni akasema, mwanangu, wewe unayajua haya, lina thamani gani? Hapo kunyamaza kumekwisha. Katika haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake alizozitaja Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Imam Muslim, imo ya kumpa nasaha anapokutaka nasaha. Ukitaja bei ya chini ili ununue wewe, umesema uongo kwa aliyekuamini.

Pili, ukiwa mbele ya mnyonge: mjane, mzee asiyeona vizuri, mgeni wa mjini, mtu aliyebanwa na gharama za hospitali. Mtume (s.a.w.) alikataza wafanyabiashara wa mjini kutoka nje kuwalaki wenye mali kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji hiari atakapofika sokoni na kuijua bei. Msafiri yule hakudanganywa kwa neno lolote. Alikutwa tu mahali ambapo hawezi kuijua bei, na sheria ikamlinda. Mjane aliye uani Temeke na dalali aliyebisha hodi kabla ya mtu mwingine, hali yao ni ipi kama si hiyo?

Tatu, ukiwa na mtu aliye sawa nawe, mwenye uwezo wa kuuliza na kutafuta, naye anapatana nawe kwa nguvu zake zote. Hapa sithubutu kusema kunyamaza ni haramu. Watu wameachwa waruzukiane wao kwa wao. Lakini liko daraja la juu zaidi, na aliyelipanda ni Jarir bin Abdullah (r.a.). Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Muuzaji alipokuja kuchukua fedha, Jarir akamtazama farasi, akamwambia mwenyewe kuwa farasi wako ni bora kuliko bei hiyo, unaonaje 400? Akapanda naye mia kwa mia hadi 800, akalipa. Alipoulizwa, alisema alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Imam Nawawi ameutaja mkasa huu kutoka kwa Tabarani. Farasi wa wakati ule ndiye pikapu ya leo, na Jarir hakuwa akipatana na yatima. Alipatana na mtu mzima aliyekwisha ridhika na 300.

Faida si haramu

Wasije wakatokea watu wakasema mwandishi ameharamisha biashara. La hasha! Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Imam Bukhari amepokea pia kwamba Zubayr (r.a.) alinunua ardhi ya Ghaba kwa 170,000, na baada ya kufa kwake mwanawe Abdullah akaiuza kwa 1,600,000. Hakuna aliyewaambia faida imezidi.

Yule mtu wa Arusha akilifufua gari, akalilipia mafundi, akatafuta spea kwa miezi, akaliuza mara tatu ya alivyonunua, hiyo ni rizki yake ya halali na ujuzi wake una haki ya malipo. Kuna tofauti kati ya kulipwa kwa kulijua gari na kulipwa kwa sababu mwenzako halijui. Ya kwanza inaongeza kitu duniani, kwani gari lililokufa limetembea. Ya pili haikuongeza kitu. Imehamisha tu fedha kutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua.

Muuzaji naye ajitazame

Itakuwa si uadilifu tukimsema mnunuzi tukamwacha muuzaji. Tangu habari za bei za Ulaya zisambae, wako wenye magari makuukuu waliopoteza kipimo. Ameona kwenye simu Land Rover inayong'aa huko Uingereza inatajiwa maelfu ya pauni, naye anataka kiasi hicho hicho kwa gari lenye kuku ndani. Anasahau kwamba bei inayotajwa na muuzaji si bei iliyolipwa na mnunuzi. Anasahau gharama za kulifufua, kulisafirisha kwa meli na kodi za huko liendako. Wengine huongeza juu yake bei ya kumbukumbu: hili ndilo lililombeba mama hospitali, hili ndilo marehemu baba alilohamia nalo mjini. Kumbukumbu hizo ni tukufu, lakini si za mnunuzi, na hakuna haki ya kumtoza.

Kubwa zaidi ni aibu zilizofichwa. Chasisi iliyooza hupakwa oili chafu ikawa nyeusi tii, kutu isionekane. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Kadi ina namba moja ya injini na gari lina nyingine. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka lililokauka juu, aliingiza mkono ndani ukatoka na unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka unyevu juu watu wauone, kisha Mtume (s.a.w.) akajitenga na mwenye kughushi. Hakusubiri mnunuzi alalamike. Aliingiza mkono mahali ambapo macho hayafiki, na kwenye pikapu mahali hapo ni chini ya chasisi. Wala mtu asijifiche nyuma ya maneno "nakuuzia kama lilivyo". Maneno hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wa kuitaja aibu anayoijua.

Na lile la kubuni wanunuzi hewa, kwamba jana kuna mtu ameniachia ahadi ya milioni kumi, hilo ni uongo mtupu, na ni ndugu wa najashi iliyokatazwa, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua.

Nini kifanyike

Kwanza, gari kuukuu lisiuzwe kwa bei ya mtu wa kwanza kubisha hodi. Litazamwe na watu watatu wa masoko tofauti: wa mizani, wa kazi na wa mapenzi. Bei ya haki utaiona iko wapi wakishasema wote.

Pili, anayekadiria asiwe anayenunua, wala asiwe na ahadi ya kamisheni kutoka kwa anayenunua. Msimamizi wa mirathi akilitaka gari, hilo si kosa kwa lenyewe, lakini ajitoe kwenye kukadiria, warithi waambiwe bei zote, na fungu la mtoto mdogo liangaliwe na mtu mwingine mwaminifu.

Tatu, aibu za gari ziandikwe kwenye karatasi ya mauziano pamoja na bei, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA mapema. Ugomvi mwingi wa magari ya marehemu huzaliwa na karatasi ambazo hazikuandikwa.

Nne, misikiti yetu ina watu wa kila fani. Mafundi, wahasibu, mawakili. Ingekuwa jambo dogo sana kwa kila msikiti kuwa na watu wawili watatu wanaojulikana kwamba mjane akiwa na kitu cha kuuza, gari, cherehani au kiwanja, anawaita wamtazamie bure kabla hajapokea fedha ya mtu. Tunachanga kuwalisha mayatima mwezi wa Ramadhani, na tunafanya vyema. Lakini yatima aliyelindiwa thamani ya gari la baba yake huenda asihitaji mchango huo.

Yule ndugu wa Temeke salamu zake kwangu ni fupi hadi leo. Sina la kumlaumu zaidi ya niliyoyasema, na namwombea kheri. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeijua bei, akaona kunyamaza kunatosha. Wengi wetu tungesimama pale pale aliposimama, na ndiyo sababu nimeona tulizungumze jambo hili waziwazi.

Wabillahi tawfiq.